Kutoka taarifa ya saa saba hadi hashtegi: nani anaamua tuzungumzie nini?

Enzi za Rais Moi, waziri wa Kenya alikuwa hakai mbali na redio ikikaribia saa saba mchana. Taarifa ya habari ya redio ya taifa ndiyo iliyomjulisha kama angali na kazi. Jina lilisomwa, basi, na jioni hiyo ndilo lililozungumzwa kwenye matatu na vibandani. Televisheni ya kwanza ya binafsi, KTN, ilikuja 1990, na redio ya FM ya binafsi ikasubiri hadi 1996. Kabla ya hapo, mwenye ufunguo wa studio ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mazungumzo ya nchi.

Tarehe 11 Julai 2024 Rais William Ruto alilivunja baraza la mawaziri la Kenya, na miongoni mwa mawaziri akabaki Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, peke yake. Safari hii habari haikumshtua mtu. Kwa wiki kadhaa simu za watu zilikuwa zimejaa wito kwamba mawaziri waondoke, na Ikulu ndiyo iliyokuwa ikifuata nyuma.

Wataalamu wa mawasiliano huita jambo hili kupanga ajenda. Mwaka 1968 Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao hawakuwa wameamua wampigie nani. Waliyoyataja kuwa mambo mazito walikuta yanakaribia kufanana na yale yaliyopewa nafasi kubwa katika vyombo vya habari. Kwa lugha ya kawaida: gazeti huenda lisikuamulie maoni yako, lakini hukuchagulia cha kutolea maoni. Sasa uchaguzi huo unafanywa pia na mtu mwenye simu na bando la shilingi 50.

Niseme msimamo wangu mapema. Mitandao imempa mtu wa kawaida uwezo wa kuufungua mjadala. Uwezo wa kuufunga haujaondoka serikalini. Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, unaonyesha yote mawili, ndiyo maana nitakaa hapo kwa muda.

Mkate uliofichwa ndani ya jedwali

Kwanza tuuone mswada wenyewe, kwa sababu kazi kubwa ya kupanga ajenda ilifanyika kwenye karatasi kabla haijafika barabarani. Mswada wa fedha hausomeki kama hotuba. Hausemi popote kwamba mkate utapanda bei. Unasema aya fulani ya jedwali fulani la Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 ifutwe, tarakimu fulani katika Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iondolewe na nyingine iwekwe. Aliye na mswada mkononi bila sheria inayorekebishwa ameshika nusu ya sentensi. Kwa miaka mingi nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa Hazina, mamlaka ya kodi, kampuni za uhasibu na wabunge wachache wa kamati.

Waliouvunja ukuta huo walifuata njia ambayo haina uchawi. Unapakua mswada. Unafungua sheria ya zamani pembeni yake. Unatafuta mstari unaofutwa, unauliza unahusu kitu gani ambacho mtu hununua, kisha unageuza asilimia kuwa shilingi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayobeba kila kitu. "VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida" ni habari ya kurasa za biashara. Mkate wa shilingi 65 kuongezeka shilingi 10 na senti 40 ni habari ya meza ya chai.

Ushuru wa magari nao ulikuwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, usipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Piga hesabu: gari la milioni moja linalipa 25,000. Gari la milioni nne linalipa 100,000, na la milioni ishirini linalipa 100,000 hizo hizo. Hesabu ya mistari mitatu, na kila aliyeiona alielewa nani analindwa na ile dari. Mafuta ya kupikia yaliwekewa ushuru wa asilimia 25. Nepi zilikuwa zitozwe tozo ya mazingira ya shilingi 150 kwa kilo. Lengo la mswada mzima lilikuwa kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada, lakini hakuna anayeandamana kwa sababu ya bilioni. Watu huandamana kwa sababu ya shilingi kumi.

Kadi moja, jambo moja. Hii ndiyo kanuni waliyoifuata waliofanikiwa. Picha yenye maandishi mafupi, bei ya leo upande mmoja, bei ya Julai, mswada ukianza kazi, upande wa pili, nambari ya kifungu chini. Ile nambari ya kifungu inaonekana kama pambo, kumbe ndiyo inayomziba mdomo msemaji wa serikali anapodai kuwa huo ni uongo: fungua mwenyewe, soma. Wengine waliingiza mswada wote kwenye programu ya akili mnemba ambayo ungeiuliza swali ikakutajia kifungu. Kwenye TikTok vijana waliueleza kwa Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine, dakika moja moja, wamekaa jikoni au ndani ya matatu.

Mkondo wa ujumbe

Makosa ya wachambuzi wengi ni kuizungumzia mitandao ya kijamii kana kwamba ni kitu kimoja. Kila jukwaa lilikuwa na kazi yake. X, Twitter ya zamani, ndiko kulikokuwa na waandishi wa habari, wanasheria, wabunge na mabalozi, kwa hiyo ndiko hoja ilikosukwa na hashtegi ya #RejectFinanceBill2024 ikachaguliwa. TikTok ikafanya kazi ya mwalimu. WhatsApp ikapeleka jambo kwa shangazi, kwenye kundi la chama, la kanisa na la wazazi wa shule. Halafu watangazaji wa asubuhi wa redio za lugha za mama wakalisoma hewani, likamfikia hata yule ambaye simu yake ni ya kubonyeza. Ujumbe ulioishia X haukuwa ajenda ya nchi. Ulikuwa kelele ya mtaa mmoja wenye intaneti nzuri.

WhatsApp ina vizuizi vyake. Tangu 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupitishwa mara nyingi unapelekwa kwa mmoja tu. Ndiyo maana skrinshoti ina nguvu kuliko kiungo: ukiihifadhi na kuituma upya inahesabiwa kuwa mpya. Ndiyo maana pia uongo hudumu huko, maana skrinshoti haina tarehe wala haimfuati mwandishi wake akijisahihisha.

Nalo suala la kutrendi halieleweki vizuri. Orodha ya mada zinazovuma kwenye X haipimi wingi peke yake. Inapima kasi ya kupanda katika muda mfupi na mahali fulani. Watu elfu kumi wakiandika polepole mchana kutwa wanaweza wasionekane, na mia chache wakiandika ndani ya saa moja wakatokea. Kupanga saa moja ya kuanza pamoja kunasaidia kuliko kuongeza watu. Hilo linawasaidia wananchi, na linawasaidia vilevile wanaolipwa. Tutafika huko.

Kwa nini 2024 na si 2023

Mswada wa 2023 ulikuwa mkali pia. Uliongeza VAT ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta makato ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Kulikuwa na maandamano na watu walikufa. Lakini yaliitishwa na upinzani wa Raila Odinga, na serikali ilikuwa na jibu tayari: huyu ni mzee aliyeshindwa uchaguzi, anatafuta kugawiwa mkate. Mjadala ukahama kutoka kodi hadi Raila, na kutoka Raila hadi ukabila. Kumbadilishia mtu mada ndiyo silaha kongwe ya anayepanga ajenda.

Mwaka uliofuata silaha hiyo ilikosa shabaha. Hapakuwa na kinara wa kuitwa Ikulu, kununuliwa au kukamatwa. Jina lililovuma lilikuwa la rais mwenyewe: Zakayo, mtoza ushuru mfupi wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu. Neno moja, silabi tatu, linaeleweka kanisani na sokoni, na lina amri ndani yake kwa sababu kila aliyepita Sunday school anajua Zakayo aliambiwa ashuke. Idara nzima ya mawasiliano haiwezi kulishinda neno kama hilo kwa taarifa ya kurasa mbili.

Na kulikuwa na tarehe. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza 1 Julai, kwa hiyo mswada lazima umalizwe kabla ya Juni kwisha. Kampeni nyingi za mtandaoni hufa kwa sababu hazina siku ya mwisho wala mtu maalum wa kudaiwa. Hii ilikuwa na siku, ilikuwa na majina ya wabunge kwa kila eneo bunge, na swali lenye majibu mawili: ndiyo au la.

Mambo yalikwenda hivi. Jumanne tarehe 18 Juni vijana waliingia katikati ya Nairobi. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza akiwa Ikulu kwamba VAT ya mkate na ushuru wa magari vimeondolewa, na tozo ya mazingira itabaki kwa bidhaa zilizokamilika kutoka nje. Zamani hapo ndipo mambo yangeisha: serikali imesikia, rudini nyumbani. Lakini ndani ya saa chache hashtegi ilikuwa imebadilika kutoka mkate hadi mswada mzima. Mtu aliyejifunza kusoma jedwali kwa ajili ya mkate hakuacha kusoma mkate ulipoondolewa. Tarehe 20 wabunge waliupitisha kwenye usomaji wa pili kwa kura 204 dhidi ya 115, na orodha ya nani alipigaje kura ikazunguka kabla ya chakula cha jioni. Tarehe 25 ukapita usomaji wa tatu, 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikawaka moto, risasi zikalia. Usiku ule rais alizungumza juu ya uhaini. Kesho yake alasiri akasema hatatia sahihi, akaurudisha mswada Bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe.

Hadi 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kuna uandishi unaosimulia Juni 2024 kana kwamba simu ziliangusha mswada zenyewe.

Panapoharibika

Kosa la kwanza ni kusoma vibaya. Ushuru wa huduma za kutuma pesa kwa simu ulipendekezwa upandishwe kutoka asilimia 15 hadi 20. Huo ni ushuru juu ya ada ya muamala, haugusi pesa zinazotumwa. Ada ikiwa shilingi 100 kabla ya ushuru, nyongeza ni shilingi tano. Anayeandika kwamba ukituma 10,000 serikali inachukua 2,000 anaipa serikali zawadi, maana msemaji atakanusha hilo moja na kufanya yote yaonekane uzushi. Taulo za kike zilizua mvutano wa namna hiyo: serikali ilijitetea kwamba zinazotengenezwa nchini hazitaguswa, na wiki nzima ikapotea watu wakibishana nani muongo. Tenganisha mchele na chuya mwenyewe kabla mpinzani hajakufanyia.

La pili ni ajenda ya kukodi. Uchunguzi wa shirika la Mozilla uliotolewa 2021 ulikuta soko zima la kutrendi nchini Kenya: vijana kwenye makundi ya WhatsApp wakipewa maneno, picha na saa ya kuanza, wakilipwa kati ya dola 10 na 15. Walihesabu machapisho zaidi ya 23,000 kutoka akaunti kama 3,700, mengi yakiwalenga majaji na wanaharakati. Kwa hiyo aliyesema mtandao ni sauti ya mwananchi amesema nusu. Mwenye pesa anaweza kuikodi sauti hiyo kwa bei ya chakula cha mchana.

Kuitambua si kazi ngumu. Tafuta hashtegi, panga kwa machapisho ya karibuni, ushuke hadi ya kwanza kabisa. Soma hamsini. Sentensi zikirudiwa neno kwa neno pamoja na kosa lile lile la tahajia, umepata. Fungua akaunti tano: kama jana zilisifu sabuni, juzi mgombea, leo jaji ni mwizi, hizo zinafanya kazi ya mshahara. Angalia pia jinsi inavyokufa. Hasira ya kweli hupungua pole pole, watu wakiwa bado wanajibizana. Ya kulipwa hukatika saa sita mchana kama mtu amezima swichi.

La tatu, ukosefu wa kinara unakuja na deni lake. Tarehe 5 Julai rais aliingia kwenye kikao cha sauti cha X Spaces, wakasikiliza zaidi ya watu laki moja. Rais wa nchi alikuja uwanja wa vijana, akaulizwa kuhusu waliouawa. Hilo lisingewezekana enzi za taarifa ya saa saba. Lakini kikao kilipokwisha hapakuwa na mtu wa kusema tumekubaliana nini, nani afuatilie, lini. Asiyeweza kununuliwa kwa sababu hana jina hawezi pia kutia sahihi.

Na kuna usalama. Namba za simu za wabunge zilisambazwa ili wananchi "wawasalimie", salamu ambazo zilijaza simu zao kwa maelfu. Kama mbinu ya presha ilifanya kazi. Ila desturi ya kumwaga namba na anwani za watu hairudi chupani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibagui mbunge na mwanafunzi. Zello, programu ya kuongea kwa kubonyeza kama redio za walinzi, nayo ilipakuliwa sana siku zile. Wengi walidhani inafanya kazi bila mtandao. Haifanyi. Jioni ya 25 Juni intaneti ilipodorora Kenya nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kuahidi kwamba haina nia ya kuizima, Zello ilikwama sawa na mengine.

Serikali nazo hujifunza

Kuna njia tatu za kuirudisha ajenda nyumbani, na Afrika Mashariki imezijaribu zote. Ya kwanza ni bei. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa ada ambazo jumla yake ilipita shilingi milioni mbili za Tanzania. Huhitaji kumkamata mwandishi kama unaweza kumfanya asimudu kuandika. Uganda Julai mwaka huo huo ikaweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, programu inayoficha unachotembelea mtandaoni, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bando, ambayo huwezi kuikwepa kwa VPN kwa sababu unailipa kabla hujaunganishwa.

Ya pili ni swichi. Uganda ilizima intaneti kwenye uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilifungia X Mei 2025, kisha ikazima intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba. Kenya yenyewe, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja, 25 Juni 2025, iliamuru vituo visitangaze maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia. Waliokuwa nyumbani walihamia YouTube na TikTok. Swichi ya televisheni haina tena uzito iliokuwa nao 1990. Ya intaneti bado inao, lakini inakwamisha benki na biashara za mtandaoni pia, kwa hiyo kuiacha chini muda mrefu kuna gharama kubwa.

Ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haina kelele. Ni kubadilisha chumba. Mswada una tarehe, una kura, una majina. Lakini fedha nyingi hukusanywa kwa njia zisizo na mswada wa Juni. Desemba 2024 baadhi ya hatua za kodi zilirudi ndani ya sheria nyingine ya marekebisho, iliyotiwa sahihi tarehe 11 na kuanza kazi tarehe 27, kati ya Krismasi na mwaka mpya, watu wakiwa mashambani kwao.

Ila mfano bora ulikuja mapema zaidi, Julai 2024 yenyewe, majeruhi wakiwa bado hospitalini. Tozo ya kutunza barabara iliyomo ndani ya kila lita ya mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Haikuwa kwenye mswada ulioanguka. Ilipita kwa mamlaka ya waziri. Shilingi saba kwa lita ni nyingi kuliko mambo kadhaa yaliyowatoa watu barabarani. Lakini katikati ya mwezi bei mpya za mafuta zilipotangazwa, petroli Nairobi ilikuwa imeshuka shilingi moja, kwa sababu gharama nyingine zilikuwa zimepungua kuliko tozo ilivyopanda. Kilichoonekana kwenye bango la kituo cha mafuta ni kushuka. Haikuwa rahisi kutengeneza kadi ya bei ya jana na bei ya leo, maana kadi hiyo ingeonyesha nafuu. Kodi imepanda kwa theluthi na zaidi, na siku hizo watu walikuwa wakizungumzia baraza la mawaziri lililovunjwa.